Mkusanyo wa nyimbo usizike majina

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga wetu. Kila mwanafunzi huikariri methali hii, lakini ukitazama jinsi nyimbo za Magharibi mwa Kenya zilivyohifadhiwa, utadhani imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Mpiga gitaa aliyecheza kwao Bunyore au Kisa ametunzwa London na Marekani. Sauti yake imesafishwa, jina lake limepigwa chapa juu ya jalada, na habari za maisha yake zimeandikwa kwa lugha ambayo jirani zake wengi hawaisomi. Hapa nyumbani, wimbo uo huo hubandikwa katikati ya vipande vingine hamsini na kuuzwa bila jina la mwimbaji, bila jina la lugha, wala dokezo lolote la tukio ambalo uliimbiwa.

Sikusudii katika makala haya kuwalaumu wageni peke yao, wala kuwatetea. Nakusudia kukichunguza kitu tunachokiita mkusanyo, yaani ile santuri, kaseti, sidi au flashi ya siku hizi ambayo huzichukua nyimbo za watu mbalimbali na kuzipanga pamoja chini ya jina moja. Wapo wanaodhani kwamba kupanga nyimbo ni kazi ndogo, mithili ya kupanga mafungu ya viazi sokoni Chwele. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naliona kuwa ni tendo la lugha. Mkusanyaji huchagua, hutanguliza na kufuatisha, na zaidi ya yote hutoa majina. Naye mwenye kutoa jina ndiye anayeamua kitu kitajulikanaje.

Tuanze basi na jina ambalo limefanya kazi kubwa kuliko yote katika biashara hii, yaani "muziki wa dunia". Mnamo Juni 1987, wenye kampuni ndogo ndogo za santuri pamoja na waandishi na watangazaji walikutana katika baa moja jijini London iliyoitwa Empress of Russia. Tatizo lililowakutanisha lilikuwa la kibiashara. Walikuwa na santuri kutoka pande nyingi za ulimwengu, lakini wenye maduka hawakujua waziweke kwenye rafu ipi. Baada ya kuyapima majina kadhaa wakaafikiana juu ya hilo moja. Jina lenyewe halikuwa geni, kwani wasomi wa muziki katika vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wakilitumia tangu miaka ya 1960. Kilichokuwa kipya ni rafu.

Rafu ile ilifungua mlango, na mikusanyo mingi ikaupitia. Hata hivyo, msomaji, hebu itazame mantiki yake. Muziki wa Mwingereza au wa Mmarekani huitwa kwa aina yake: roki, jazi, souli, nyimbo za jadi. Muziki wa Mbukusu huwekwa pamoja na wa Mbulgaria na wa Mpakistani kwa sababu moja tu, kwamba wote watatu wanakaa mbali na duka. Dunia ni yetu sote, lakini katika rafu ile "dunia" ilikuwa na maana ya kule kwingine. Jina lilimwelekeza mnunuzi mahali pa kutazama, na papo hapo likamficha kile alichokuwa akikitazama.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baadhi ya wakusanyaji hao walifanya kazi ambayo sisi wenyewe hatukuifanya. John Storm Roberts, Mwingereza aliyekuwa mwandishi wa habari mjini Nairobi katika miaka ya 1960, aliirudia miaka ya 1980 mikusanyo ya nyimbo za Kenya za kabla ya benga kushika kasi. Wakati huo santuri zenyewe zilikuwa zimekwisha kuvunjika au kutupwa majaani katika nyumba nyingi za huku kwetu. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za Abana ba Nasery, kundi la watu watatu kutoka Bunyore. Shem Tube na Justo Osala walipiga magitaa, naye Enos Okola akapiga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma, mifuo ya chupa ikitoa mlio wa kukwaruza ulioshika mapigo. Mwaka 1992 ukafuata mwingine, waliourekodi pamoja na wanamuziki wa Uingereza. Na mnamo 2017, miaka 54 baada ya George Mukabi wa Kisa kufariki dunia, santuri ya nyimbo zake ilitolewa Marekani kwa jina la Kiswahili, Furaha Wenye Gita. Mtindo huo wa gitaa kavu na chupa, unaojulikana kama omutibo, ulizaliwa katika vijiji vyetu. Mwanafunzi wa Bungoma anayetaka kuusikia leo ukiwa umeandamana na maelezo hulazimika kuyaagiza maelezo hayo kutoka ng'ambo.

Upo mfano mwingine unaotufunza zaidi, kwa kuwa unaonyesha jinsi kitu kilichopelekwa mbali kinavyoweza kurudi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akiwa na vinasa sauti vyake, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia kwa gramafoni, nao wakalifinyanga jina lake kwa matamshi ya lugha yao hadi likawa la kwao. Rekodi ikaenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ikaingia katika mikusanyo ya santuri zake zaidi ya 200. Katikati ya mwongo wa 2010, maktaba hiyo ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi za aina hiyo mahali zilikotoka. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 wakasikia tena sauti za wenzao.

Je, ni nini kilichowezesha marejeo hayo? Ni maandishi. Tracey alikuwa na kasoro za wakati wake, lakini kila rekodi aliiandikia lugha, mahali, mwaka na jina la aliyeongoza waimbaji. Lau angaliandika "ngoma ya Kiafrika, namba 14", rekodi ile isingalikuwa na pa kurudi. Wimbo hupata njia ya kurudi kwao kwa jina lake, kama mtoto aliyepotea sokoni anavyorudishwa nyumbani kwa sababu anajua kuitaja kaya yao.

Sasa tuligeukie tatizo la lugha, kwa maana hapo ndipo mikusanyo mingi hujikwaa, hata ile mizuri. Jalada husema kwamba wimbo fulani ni wa "Kiluhya". Msikilizaji wa Ulaya hutosheka. Lakini mwalimu aliyepata kufundisha Bungoma kisha akahamishiwa Emuhaya atacheka. Mbukusu huyaita maji kamechi, hali Mnyore huyaita amatsi. Tofauti hiyo haikomei kwenye neno moja. Viambishi vya ngeli vya Kibukusu vina umbo lao, na toni zake zina mwendo wake, na toni hizo ndizo zinazoipa melodia ya wimbo nafasi ya kupanda na kushuka bila kuharibu maana. Zinakadiriwa kuwepo lahaja 17 au 18 chini ya jina Luhya, na wazungumzaji wa baadhi yake hawaelewani kwa wepesi. Aidha, Kibukusu kina undugu wa karibu na lugha ya Wamasaaba, au Wagisu, wa upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Kwa hiyo jalada linaposema "Kenya" limeukata ukoo vipande viwili pale Lwakhakha, na linaposema "Luhya" limezishona pamoja lahaja ambazo hazikuombwa ridhaa.

Historia yetu imekwisha kulijaribu jambo hili. Jina Luhya lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, wakati watu wa makabila madogo madogo ya Kavirondo Kaskazini walipotafuta sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni. Katika miaka hiyo ya 1940 ikaundwa kamati ya kusanifisha lugha, na mmishenari L. L. Appleby akachapisha sarufi ya Kiluhya mwaka 1947. Lugha hiyo sanifu haikushika mizizi. Maneno yalichukuliwa huku na kule, kikatokea kitu ambacho hakuna mama aliyemwimbia mwanawe. Wabukusu wakabaki na Kibukusu chao, Wamaragoli nao na chao. Jina, hata hivyo, lilidumu na likafanya kazi yake ya kuunganisha. Waama, Luhya lenyewe ni mkusanyo. Somo tunalolipata ni kwamba mkusanyo unaweza kuwaleta watu pamoja na ukadumu, mradi hauwataki wayasahau majina yao. Unapoanza kuwafuta, wanautoka.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kosa la kufuta majina ni la wageni tu. Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa matatu, akipitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, husikia mkusanyo wa nyumbani ukifanya kazi yake. Flashi moja hubeba rumba ya Kongo, benga ya Kiluo, injili, rege, souli ya zamani ya Kimarekani na, katikati yake, litungu la Kibukusu likiwa limeongezewa ngoma za kompyuta. Hapana neno katika mchanganyiko huo. Masikio ya watu wa Kitale yamezoea kuchanganya, kwa kuwa mji wenyewe ni mchanganyiko wa Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Tatizo ni kwamba ukimwuliza dereva, utingo, au hata kijana aliyeiuza flashi ile, "Huyu anayepiga litungu ni nani?" atakujibu kwamba ni "nyimbo za kienyeji". Enzi za kaseti mambo yalikuwa hivyo hivyo. Vibanda vya mjini vilinakili nyimbo kwenye kaseti tupu, na kalamu ikaandika juu yake neno moja tu: "Mchanganyiko".

Hasara ya jambo hili huonekana wazi zaidi katika wimbo ambao hauna haki ya kuwa popote. Tohara ya Wabukusu hufanywa katika miaka shufwa, hasa mwezi wa Agosti. Mtahiriwa huvaa njuga, akazunguka kwa jamaa zake kuwaalika, na asubuhi ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima. Anaporudi kuelekea ua wa baba yake kukabili kisu, ndipo huimbwa sioyaye. Wazee hushikilia kwamba wimbo huo una njia yake, saa yake na watu wake. Ni wimbo wa kumwambia kijana kwamba hakuna tena kurudi nyuma. Hivi leo husikika kwenye mikutano ya kampeni, na kwenye flashi za densi hupachikwa baina ya wimbo wa mapenzi na tangazo la dijei.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo kunaueneza utamaduni. Ni kweli kwamba wimbo umeenea. Je, umeenea ukiwa wimbo gani? Mtoto wa Kitale ambaye ameusikia sioyaye mara mia kwenye matatu kabla ya kufika umri wa kwenda mtoni, siku yake itakapofika atausikia kama kibwagizo alichokizoea. Maneno ni yale yale, sauti ni ile ile, lakini tendo ambalo maneno yale yalitenda limetoweka. Katika taaluma yetu tunafundisha kwamba maana ya usemi haimo katika maneno pekee, imo pia katika nani anasema, kwa nani, wapi na lini. Ondoa hayo manne, na hata kiapo hugeuka kelele.

Tusidanganyike basi kwamba umaarufu ni ulinzi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega husikika kwenye arusi, mazishi, viwanja vya mpira na mikutano ya wakubwa. Juu ya hayo yote, mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma inaweza kusikika kila mahali huku wanaojua kuitengeneza, kuipiga kwa utaratibu wake na kuyaeleza maneno yake wakizidi kupungua.

Kuna pia suala la jasho la mtu. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes liliimba Helule Helule ya Daudi Kabaka, na wimbo ukapanda katika orodha za nyimbo zilizopendwa Uingereza. Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akautembeza duniani, umezua ubishi wa miaka na mikaka kuhusu nani hasa aliyeutunga. Nyimbo hizo mbili zilikuwa na majina makubwa nyuma yake, na bado haki ya mtungaji imekuwa jambo la kuulizwa. Sembuse mpiga litungu wa kijijini, ambaye wimbo wake ulinaswa kwa simu ya mkono kwenye matanga, ukapunguzwa, ukaongezwa mapigo na ukapelekwa sokoni kabla ya matanga kuanuliwa?

Dawa ipo, na imekwisha kuonyeshwa hapa hapa nchini. Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 mkusanyo wa benga, na mwaka 2011 ukafuata wa nyimbo za souli na fanki ambazo wazazi wetu walizichezea katika miaka ya 1970. Ndani ya kasha moja mlikuwa na nyimbo, filamu ya mahojiano na kitabu kidogo cha maelezo. Waimbaji waliokuwa wamesahaulika walitafutwa, wakaulizwa, wakajibu kwa vinywa vyao. Miaka miwili baadaye kampuni ya Soundway ya London ilitoa Kenya Special, yenye rekodi 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zilitolewa kwa nakala chache na kupotea. Tofauti ya kazi kama hizi na flashi ya "Mchanganyiko" haitokani na mashine. Inatokana na mtu aliyefunga safari kwenda kuuliza.

Najua pingamizi itakayoletwa. Wako wasemao kwamba muziki hauhitaji maneno, kwamba mtu hucheza rumba bila kujua Kilingala, na kwamba kijana anayechanganya litungu na mapigo ya kisasa ana haki sawa na wale wasichana wa Kikipsigis waliolifinyanga jina la Jimmie Rodgers. Pingamizi hiyo ina uzito, nami naikubali nusu yake. Utamaduni usiochanganyika hufa kwa kiu. Mukabi mwenyewe alilichukua gitaa, chombo kilicholetwa kwa meli, akaliimbia Kiswahili na lugha ya kwao. Lakini Mukabi alijua anachanganya nini na nini. Mwenye kupika mseto wa mahindi na maharagwe anaijua mbegu ya kila kimoja, ndiyo maana mwaka ujao anaweza kupanda tena. Asiyejua alichotia chunguni atakula leo, na msimu wa mvua utamkuta hana la kupanda.

Hapa ndipo nawageukia walimu na wanafunzi, kwani kazi hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Tangu mwaka 1927 nchi hii imekuwa na Tamasha za Muziki, na kila mwaka shule zetu hujifunza nyimbo za jamii mbalimbali ili kuzipeleka jukwaani. Fikiria kwamba programu ya tamasha nayo ni mkusanyo. Kwaya ya shule moja ya upili huimba wimbo wa Kisabaot, ikishuka jukwaani huingia ya pili na wimbo wa Kibukusu, na ya tatu na wa Kigiriama. Mara ngapi wanafunzi huimba silabi walizozikariri kwa sikio, bila kujua wanachokisema? Mwamuzi huwapa alama za mavazi, za sauti na za miondoko. Baada ya tamasha, karatasi ya maneno, ikiwa iliwahi kuwepo, hutupwa pamoja na nyasi za mavazi.

Napendekeza kwamba kila wimbo unaofundishwa shuleni, Bungoma, Kitale na kwingineko, uandikwe katika daftari ya shule kwa mambo matano. La kwanza ni jina la aliyeufundisha au kuuimba, pamoja na kijiji chake na mwaka. La pili ni lugha, itajwe kwa jina lake halisi: Kibukusu, Kitachoni, Kisabaot au Kipokot, si "kienyeji" wala "Kiluhya" tu. La tatu ni tukio: waimbwa lini, na nani, na lini haufai kuimbwa. La nne ni maneno yenyewe, yaandikwe kama yalivyotamkwa, na tafsiri yake ya Kiswahili ubavuni. La tano ni ruhusa: mwenye wimbo alikubali utumiwe vipi, na je, akaambiwa ukweli kuhusu mahali utakakofika? Akisema wimbo fulani usirekodiwe, kinasa sauti kizimwe. Katika daftari nzuri utakuwemo ukurasa unaosema, "Wimbo huu tumeusikia, lakini hatukupewa ruhusa ya kuuandika." Ukurasa huo nao ni elimu.

Tafsiri nimeitaka iwe ya Kiswahili kwa sababu maalumu. Majalada ya London yalifasiri nyimbo zetu kwa Kiingereza, na hilo lilikuwa sawa kwa wanunuzi wake. Katika darasa moja la Kitale huketi Mbukusu, Msabaot, Mpokot na Mturkana, na kila mmoja ana nyimbo ambazo mwenzake huzisikia kupitia dirisha bila kuzielewa. Yapo maeneo ya Mlima Elgon na Trans Nzoia ambako kutoelewana huko, kukichochewa na siasa za mashamba, kumepata kumwaga damu. Sidai kwamba tafsiri ya wimbo huzima moto. Nadai kwamba mwanafunzi aliyeufasiri wimbo wa kulilia mfu wa jirani yake, akatafuta neno la Kiswahili linaloweza kubeba uzito wa neno la mama yule, atamwona jirani kwa jicho jingine. Kiswahili ndicho jalada linalotufaa, maadamu kinasomeka na wote na hakimfuti yeyote.

Wala shule hazitakuwa peke yake. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imezipa serikali za kaunti wajibu wa kusajili hazina za aina hiyo zilizomo katika maeneo yake. Daftari za shule, zikiwa zimeandikwa kwa uangalifu na kwa ruhusa za wenyewe, zingeipa kaunti ya Bungoma na ile ya Trans Nzoia mahali pa kuanzia. Kitale pana jumba la makumbusho lililotokana na hazina aliyoikusanya Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, na ambalo limekuwa mjini humo tangu mwaka 1974. Stoneham alikusanya vipepeo, ndege, vitabu na vifaa vya kienyeji, akaviandikia vibandiko. Ingekuwa ajabu kwamba kipepeo wa Trans Nzoia awe na kibandiko chenye jina, mahali na tarehe ya kukamatwa, hali wimbo wa bibi aliyeishi hatua chache kutoka hapo hauna.

Wala kazi hii haiwezi kungoja. Nyuzi 7 za litungu zinaweza kununuliwa, na ngozi yake ikapatikana kwa mchinjaji. Kinachokosa duka ni kumbukumbu ya mzee anayejua ni kwa nini ubeti wa tatu hutangulizwa pale anapolilia mtu aliyekufa bila mtoto. Mwalimu, umwendee mzee huyo likizo hii, ukiwa na wanafunzi wawili, daftari na sukari kidogo ya chai. Umsalimu kwa lugha yake. Umwulize jina lake kwanza, kabla ya kumwuliza wimbo.